Farasi wa Sahani ya Nyota

Mama mkwe wangu akiwa na kitu kidogo mdomoni, maneno yake hutokea upande. Kila s hupita kama upepo chini ya mlango. Niliizoea sauti hiyo kabla sijamzoea mwenyewe. Siku niliyoletwa kwake nikiwa mchumba, alinipokea akiwa amebana misumari midogo ya shaba shavuni, na macho yake hayakutoka kwenye kazi. "Karibu, mwanangu. Keti, usisimame kama mlingoti," akasema kwa upepo ule ule, kisha akatema msumari mmoja kiganjani na kuupigilia mahali pake.

Mtaani wanamwita Mama Kengele, kwa sababu kengele ya shule iliyo nyuma ya nyumba yetu ameitengeneza yeye. Hutengeneza pia vishikio vya milango, vinu vidogo vya shaba, na bawaba ambazo mafundi wa samani huja kuzichukua wenyewe. Kazi hiyo aliipata kwa baba yake, mzee ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume na hakutaka wa kike aguse nyundo. "Alinipa mvukuto," huwa anasimulia. "Akadhani amenipa kazi ya kukaa. Kumbe anayeupuliza moto ndiye anayeuona." Mkono wa mzee ulipoanza kutetemeka, aliyeshika koleo alikuwa ni yeye, na kuanzia hapo hakuliachia.

Mzee yule alimwachia na kanuni moja. Kitu kidogo hakiwekwi chini. Ua wetu ni mchanga mtupu, na kuna majivu ya tanuri kila upande. "Kikianguka mchangani, ni cha mchanga," husema. "Weka mdomoni. Mdomo una mlango, na mlangoni kuna walinzi." Walinzi wake wawili wa mbele wameshastaafu, lakini ukimwambia hivyo anakujibu kuwa waliobaki wanajua kazi.

Mimi kanuni hiyo ilinitia wasiwasi tangu binti yangu alipoanza kutambaa. Mtoto huyo na bibi yake hawaachani. Bibi anamwita mke mwenzangu. Na mke mwenza amesoma shule ile ile: jani, kifuniko, kipande cha mkaa, kila anachookota kinakwenda mdomoni. Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani ni mgeni. Macho ya kumlinda mtoto ni yangu haya mawili tu, na wakati mwingine yanahitajika jikoni.

Ndipo akaja yule dada wa makumbusho. Mama mkwe alimpa jina la Bi Nyota siku ile ile ya kwanza, naye akalipenda. Alikuja na picha za kitu kinachofanana na sahani ya shaba yenye pete juu. Alisema jina lake ni astrolabu, watu wa kale walikipimia urefu wa jua na nyota angani, wakajua ni saa ngapi na waelekee wapi. Chenyewe kimo kwenye sanduku la kioo, kimeliwa na kutu ya kijani, hakishikwi na mtu. Alitaka kipatiwe mwenzake ambaye wanafunzi watamshika na kumzungusha, atengenezwe kwa mkaa na nyundo, kwa shaba iliyochanganywa kama walivyochanganya wazee wale.

"Kwa nini usinunue shaba dukani?" mama mkwe akamuuliza.

"Ya dukani imechanganywa kisasa, mama. Tukiitumia hiyo tutapata pambo tu. Tunataka kujua wenzetu wale walipata shida gani."

"Aa, kumbe mnatafuta shida! Basi hapa ndipo kwenyewe, mwanangu. Ingia ndani."

Nilicheka na mimi. Kicheko kiliniishia Bi Nyota alipotaja mchanganyiko. Wataalamu wenzake walikuwa wamekipima kile cha kale: shaba nyekundu, zinki, bati kidogo, na risasi, kama chumvi kwenye chakula. Risasi ndiyo inayoilainisha shaba ikubali kuchorwa namba na mistari myembamba. Yeye mwenyewe aligeuka akanitazama nilivyomshika mtoto, akasema, "Dada, hii si ya mchezo. Risasi haimfai mtu, na kwa mtoto ni mbaya zaidi, inamwingia mpaka kwenye mifupa na akili. Asikaribie vumbi lake. Na wewe, mama, nawa mikono, na usiweke kitu mdomoni."

"Siweki," akasema mama mkwe, kwa ulimi mnyoofu kabisa.

Tangu hapo sikutulia. Siku ya kuyeyusha nilimbeba mtoto nikaenda kukaa kwa jirani wa upande unakotoka upepo, nikautazama ule moshi mweupe wa zinki ukipanda juu ya paa letu kama pamba. Nguo za mama mkwe nilizifua mbali na zetu. Nilimwaga maji uani kila alipomaliza kupiga tupa, nikafagia, nikamwaga tena. Yeye alinitazama akatikisa kichwa. "Mkwe wangu ananifulia kama mwenye tetekuwanga," akamwambia mtoto. Lakini alinawa. Mikono alinawa kweli, mpaka viwiko.

Shida waliyoitafuta waliipata mapema. Mama mkwe amezoea shaba nyekundu, ambayo huipasha moto akaipiga ingali inang'aa. Ile sahani ya kwanza aliipiga hivyo hivyo, ikapasuka kutoka ukingoni hadi katikati kama mkate mkavu. Alikaa akaiangalia. Shaba yenye risasi haitaki kupigwa ikiwa ya moto. Ikabidi aivunje, aiyeyushe upya, aimimine kwenye kalibu ya mchanga, kisha aipige ikiwa baridi, polepole, na kila inapokuwa ngumu aipashe kidogo na kuiacha ipoe kabla ya kuigusa tena. Mlio wa nyundo ulikuwa ndio saa ya nyumba yetu. Ukinyamaza, mtoto aliamka.

Vipande vya kitu kile vina majina yake, na Bi Nyota alitufundisha. Sahani kubwa yenye ukingo inaitwa mama, kwa kuwa hubeba nyingine tumboni. Juu yake kuna wavu wenye ncha za nyota, unaitwa buibui. Katikati hupita kijiti cha kushikilia vyote, na kwenye tundu la kijiti hicho huchomekwa kabari ndogo iliyochongwa kichwa, inaitwa farasi. Bila farasi, vyote vinaachana.

"Mama, buibui na farasi," mama mkwe akasema. "Hii ni sahani au zizi?"

Farasi alimchonga mwisho. Alikuwa mdogo kuliko punje ya hindi, mwenye shingo na masikio mawili, kutoka kwenye shaba ile ile. Nami nilimchukia farasi yule tangu nilipomwona. Nilimpima kwa macho nikajua koo la nani angelipita.

Siku ya kujaribisha ilikuwa asubuhi yenye jua. Kesho yake wanafunzi walikuwa wamealikwa makumbusho waje kuiona. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda chake, sahani mapajani, chini ametandika kitambaa cheupe. Bi Nyota alichuchumaa mbele yake. Mtoto alikuwa mkekani hapo karibu, nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikimenya viazi huku jicho moja likiwa kwake. Mama mkwe akasema jambo kuhusu buibui, na niliusikia: upepo chini ya mlango. Nikamtazama. Akanikonyeza.

Farasi alikuwa shavuni. Na aliyemkataza alikuwa amechuchumaa mbele ya pua yake.

Bi Nyota alikuwa akisimulia siku yake ya kwanza chuoni, alipopewa kitu kama hiki apime urefu wa jua. Alikishika juu chini. Akaandika jibu, akampelekea mwalimu, na jibu likasema jua liko chini ya ardhi.

"Umelizika!" mama mkwe akapiga kelele. "Mchana kweupe umelizika jua! Na matanga ulikaa?"

Akacheka mpaka machozi. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkaba, akanipungia mkono. Nikaacha viazi nikamletea kikombe cha maji, akanywa chote, akapangusa macho. "Sasa sahani isimame sawasawa," akasema, "tusije na sisi tukazika jua." Akanyanyuka kwenda kuangalia mkaa, Bi Nyota akasogea kwenye mwanga kupiga picha, mimi nikarudisha kikombe ndani. Nilipotoka mtoto alikuwa ameshauacha mkeka. Alikuwa juu ya kitambaa cheupe, ananyonya pindo lake.

Mama mkwe alirudi, akakaa, akaingiza buibui, akapitisha kijiti. Akapeleka vidole mdomoni. Akavitoa vitupu.

"Farasi yuko wapi?"

Bi Nyota akaacha kupiga picha.

"Alikuwa..." Alimtazama Bi Nyota, akaona hakuna namna. "Haya, alikuwa mdomoni. Nikamtoa ninywe maji, nikamweka hapa kwenye kitambaa. Lazima nilimweka hapa. Mtu hanywi maji na farasi shavuni."

Tulitazama kitambaa wote watatu. Mtoto akatutazama sisi, akashikwa na kwikwi.

Sikumbuki nilivyofika. Nilikuwa nimeshamwinamisha mkononi, kidole changu mdomoni mwake, nakuta ute na kipande cha uzi, nakuta fizi na yale meno mapya mawili yakiniuma. Hakukuwa na farasi. Alilia, nikashukuru kwamba analia, maana anayelia anapumua. Bi Nyota alikung'uta kitambaa. Mama mkwe alipiga magoti akachekecha mchanga kwa vidole, akaleta chujio la jikoni, akachekecha tena. Mimi nikasema tulete ile sumaku ya kwenye spika mbovu.

"Shaba haishikwi na sumaku, dada," Bi Nyota akasema taratibu.

"Mtoto alikuwa na nani?" mama mkwe akauliza, bado amepiga magoti, bila kunitazama.

Lilikuwepo jibu. Lilinijaa kinywani lote, na lilikuwa na ncha pande zote. Nikalimeza. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikaona mgongoni simwoni, nikamfungua nikamweka kifuani.

"Tumpeleke hospitali," nikasema. "Sasa hivi."

Bi Nyota alikuwa na gari. Mama mkwe aliingia nyuma pamoja nami na vumbi lake lote magotini. Nilimwekea mtoto mkono tumboni, nikawa nahesabu kila alichofanya: amekohoa, amenyamaza, amepiga miayo. Nilifikiria ile risasi ikiyeyuka ndani yake polepole kama pipi. Nilifikiria akili yake, maana juzi tu alikuwa amejifunza kupunga mkono. Mume wangu akapiga simu, nikaitazama ikiita mpaka ikakata. Ningemwambia nini? Mtoto wako amekula farasi?

Hospitalini tulisubiri kwenye benchi refu lenye baridi. Mtu wa eksirei alikuwa kijana mpole mwenye ndala. Aliniuliza kilichomezwa ni nini.

"Farasi," mama mkwe akajibu.

Kijana akanitazama mimi.

"Ni kabari ndogo ya shaba," Bi Nyota akasema. "Ina risasi kidogo ndani yake."

Kumshika mtoto mdogo alale kwenye meza ile ni kazi ambayo simwombei mama yeyote. Alinitazama usoni akilia kana kwamba mimi ndiye niliyebuni mateso yale. Kisha tukaambiwa tusubiri, kisha tukaitwa. Kwenye kioo chenye mwanga nikamwona mwanangu kwa ndani: mbavu kama meno ya kitana, na vivuli vya hewa tumboni. Nilitafuta shingo na masikio mawili.

"Sioni kitu," kijana akasema.

"Tazama vizuri, baba. Si chuma, ni shaba."

"Hata ingekuwa dhahabu, mama, ingeng'aa hapa kama taa. Nimempiga picha kuanzia mdomoni mpaka kwenye nepi. Mtoto hana kitu."

Bi Nyota akajishika kichwa akacheka kwa kushusha pumzi. Mama mkwe akaegemea ukuta. Mimi nilimbusu mtoto utosini, na ningependa kusema kwamba nilitulia. Sikutulia. Kama hayumo kwake, basi yumo uani. Na kama yumo uani kwenye mchanga ule, leo mtoto hakumwona, kesho atamwona. Nilijiona nikichekecha ua mzima, kikombe kwa kikombe, mpaka mtoto aende shule.

"Asante sana, mwanangu," mama mkwe alikuwa akimwambia kijana. "Sisi sasa tusikusumbue."

Nikamsikiliza. Asante sana. Sisi sasa tusikusumbue. Zote zilitoka nyoofu, kama za mtu yeyote. Nikarudi nyuma kichwani kama mtu anayetafuta alipoangusha funguo. Uani alipouliza farasi yuko wapi, maneno yalikuwa nyoofu. Kabla ya hapo? Sasa sahani isimame sawasawa. Nyoofu. Upepo uliishia wapi? Uliishia kwenye kicheko. Na nilipomletea maji sikumwona akitoa kitu mdomoni. Mkono mmoja ulikuwa kifuani akikohoa, na wa pili ulikuwa umeshika kikombe.

Mkwe hamwambii mama mkwe wake jambo kama lile uso kwa uso. Nikamgeuza mtoto amwelekee.

"Mwambie bibi," nikamwambia mtoto, "na yeye akapigwe picha."

Mama mkwe akanyanyua uso. "Mwambie mama yako mimi sitambai."

"Mwambie bibi kabla ya maji alikuwa akiongea kwa upepo. Baada ya maji alisema sahani isimame sawasawa, na upepo haukuwepo. Na mimi sikumwona akitema."

Alifungua mdomo ajibu. Mkono wake ukapanda wenyewe hadi shavuni, ukabonyeza, ukashuka kooni, ukasimama hapo.

"Kijana," akasema mwishowe, "meza yako inabeba watu wazima?"

Alikuwemo. Alikaa katikati ya tumbo la mama mkwe wangu, mweupe pe, na shingo na masikio yake mawili. Daktari aliyeitwa alisema kwa kuwa hana ncha atapita mwenyewe, ila akisikia maumivu au akitapika arudi mara moja, na hata asiposikia kitu arudi apigwe picha nyingine. Kisha akamkanya kuhusu risasi, akamwandikia kipimo cha damu. Niliomba na mtoto apimwe hiyo damu. Alikubali, na majibu yalipokuja baadaye yalikuwa mazuri kwa mtoto. Ya bibi yalikuwa si mabaya sana, lakini si mazuri pia, na daktari akamwambia ajihadhari.

Lakini hapo mbele ya kile kioo, mama mkwe alikuwa amesogeza uso karibu, anatazama kwa jicho la fundi.

"Masikio yamekaa sawa," akasema. "Sikio la kushoto nilikuwa na wasiwasi nalo."

Bi Nyota alilazimika kutoka nje. Nilimsikia kwenye korido akicheka mpaka muuguzi akamwambia anyamaze.

Kwenye gari mama mkwe alimpakata mtoto. Akasema, akimwambia huyo huyo mtoto, "Mwambie mama yako nilimuuliza swali baya uani."

"Mwambie bibi yameisha," nikasema.

"Mwambie hayajaisha. Kesho wanafunzi wanakuja na farasi hayupo."

Hapo Bi Nyota, aliyekuwa ameshika usukani, akatuambia jambo. Hata kwenye kile cha kale, alisema, farasi si wa siku zile. Shaba yake ilipopimwa ilikutwa ni tofauti kabisa, nyekundu zaidi, ya miaka mingi baadaye. Wa kwanza alipotea, na hakuna ajuaye alipotelea wapi.

"Mimi najua," mama mkwe akasema.

Alichonga mwingine jioni ile ile kabla jua halijazama, kutoka kwenye shaba nyekundu safi isiyo na risasi hata chembe. Bi Nyota alikubali; alisema kama farasi wa kile cha kale ni mgeni, na wetu anaweza kuwa mgeni. Nilisimama na mtoto mlangoni, mbali na vumbi. Mama mkwe alipiga tupa, akapuliza, akamwinua farasi mpya kwenye mwanga. Kisha mkono wake ukaanza safari ya kwenda mdomoni kama ulivyokwenda maisha yake yote. Ulifika kidevuni. Akanitazama. Akavuta kamba shingoni, na mwisho wa kamba kulikuwa na kikopo kidogo cha dawa chenye kifuniko cha kuzungusha.

"Walinzi nimewafukuza kazi," akamwambia mke mwenzake.

Yule wa kwanza alitoka salama baada ya siku kadhaa, na wapi alipo sasa simwulizi. Uani hayupo; nimehakikisha. Kikopo kinaning'inia, hukikosi shingoni kwake hata akiwa anapika. Lakini mkono uliozoea ni mkono uliozoea, na mimi siko kwake kila dakika. Kwa hiyo asubuhi nikishamwamkia, naye akishaitikia, husubiri kwanza kile anachokiuliza kila siku.

"Mtoto ameamka salama?"

Nasikiliza. Kisha ndipo namjibu.